Feni Isiyo na Sauti

Hatibu alihariri video za harusi chumbani alimolazwa mkewe Mwanaidi, aliyekuwa mgonjwa. Feni inayopoza kadi ya picha ndani ya kompyuta yake ilinguruma kama mashine ya kusaga, naye aliamini inamkosesha mkewe usingizi. Akaenda dukani, akamwomba muuzaji awashe feni moja baada ya nyingine huku akizitegea sikio. Akachagua ile iliyombidi aisogezee kiganja ndipo ajue inazunguka.

Alasiri hiyo akaifunga, akawasha kompyuta. Chumba kikatulia. Akatabasamu.

Kisha akasikia mlio mwembamba kutoka kitandani, kama wa mtu anayelia huku ameuma shuka.

“Mwanaidi! Tangu lini unaumwa hivi?”

“Siku nyingi. Ulipokuwa ukiwasha mashine yako ndipo nilipopata nafasi ya kulia. Sikutaka ujue, mume wangu. Sasa nitalilia wapi?”

Hatibu alipanda kitandani, akamkumbatia, akahisi mbavu zake zikitetemeka.

“Lia tu,” alimwambia. “Lia hapa.”

Mwanaidi akaangua kilio. Uani, jirani aliyekuwa akitwanga alisita, mchi ukiwa bado juu mikononi mwake.