Mgeni wa Fundi Redio

Mlango ulikuwa wazi, lakini alibisha hodi hivyo hivyo, akasubiri nje kama mtu asiyejua sebule iko upande gani.

"Nani wewe?" mzee akauliza kutoka kitini.

"Ni mimi, mzee wangu, natoka ofisini." Akainua kitambulisho kilichoning'inia shingoni. "Lile shirika linalotaka wazee na wenye ulemavu wasiachwe nje ya mambo. Nakusanya simulizi."

"Aa, wa simulizi. Pita, pita. Angalia hapo, sakafu imebonyea."

Alikuwa ameshapavuka.

Alikuwa hoi bin taaban. Kutwa nzima alikuwa anaandika habari za watu: kijana asiyeona aliyepata kazi ya kupokea simu, mama wa kiti cha magurudumu aliyejengewa njia ya kupandia sokoni. Mkuu wa kitengo kazisoma zote, kazirudisha zote. Anataka machozi, lakini yaishie kwenye kicheko. Kuna siku mtu unachoka mpaka kope zinakuwa mzigo.

Akaweka kinasa sauti mezani. Kitaa chake chekundu hakikuwaka. Mzee hakuuliza.

"Simulizi ni yako," akasema, kama walivyofundishwa kazini. "Ukisema tuache, tunaacha."

"Kwanza kitendawili."

"Tega."

"Ananitazama usiku na mchana, lakini hanijui."

Jibu alilijua vizuri. Akajikuna kichwa, akaangalia dari, akahesabu vidole kama vitamsaidia. "Umenishinda, mzee. Nikupe mji?"

"Mji nitaupeleka wapi mimi na magoti haya?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Picha, binti. Picha ya ukutani. Ile pale, umeiona? Mwanangu huyo."

"Mzuri," akasema, bila kugeuza shingo.

"Kazi yake kama yako. Anasikiliza mji mzima. Hapa hakanyagi."

Kutoka jikoni harufu ya supu ya viazi ilikuwa inaingia taratibu.

"Umekula leo, mzee?"

"Sili mimi." Mzee akashusha sauti. "Huyo wa jikoni ananitilia kitu. Anakuja na sahani, anachekacheka, anajifanya kunijua. Mwambie aonje yeye."

Jana pia mzee alikuwa hajala. Mikono ile iliyokuwa ikifungua redio za mtaa mzima ilikuwa imebaki mifupa na mishipa, na daktari alishasema bila kuficha: akiendelea hivi watamlaza, na safari hii huenda asitoke kwa miguu yake. Hilo ndilo lililomkalisha mgeni pale na uchovu wake wote. Simulizi ingeweza kungoja.

"Mimi nina njaa, mzee," akasema. "Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Mzee akajiweka sawa kitini, akafunga kifungo cha juu cha shati. Mengi yalikuwa yamemtoka kichwani, lakini mgeni kukaa na njaa nyumbani kwake, hilo lilikuwa bado halijamtoka. "Nenda kachukue. Lakini huyo asije huku."

Akaingia jikoni, akarudi na sahani mbili.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Haji."

"Mikono yako inanuka vitunguu."

"Nilipika kabla sijaja." Akasogeza sahani ya pili mbele ya mzee. "Nami siwezi kula peke yangu huku mwenye nyumba ananitazama. Naona haya."

Alianza yeye. Mzee akamwangalia anavyomeza, tena akamwangalia, ndipo akachovya kijiko. Kimoja. Kingine. Mgeni hakumtazama, ukimtazama anaacha. Akamwomba ile habari ya redio iliyomshinda.

"Ile ya mwenye duka," mzee akasema, na sasa kijiko kilikuwa kinakwenda chenyewe. "Nimeifungua, nimeifunga, jeuri tupu. Inasema ukiiwekea mkono. Ukitoa mkono, kimya. Basi jioni majirani wanajaa hapa kusikiliza taarifa ya habari, na mwanangu, mdogo hivi, ndiye anaishika. Anakaa tu, mkono juu ya redio, watu wazima wanabishana..."

"Mpaka mkono unakufa ganzi."

Kijiko kikasimama hewani. "Nani kakwambia?"

"Si wewe mwenyewe, mzee? Juzi."

"Aa." Mzee akafikiri kidogo. Kijiko kikaendelea na safari yake.

Supu ilipokwisha, mzee akafuta sahani kwa kipande cha mkate, akaonekana kushangaa kuiona tupu. Mgeni akazirudisha sahani jikoni, akachukua kinasa sauti chake, akaaga. Mzee akamsindikiza mpaka kizingitini, akishikilia ukuta, akampa mkono kwa heshima zote.

"Uje tena. Wewe unajua kusikiliza."

"Nitakuja, mzee wangu."

Akateremka vidato, akazunguka nyumba polepole, akapita tangi la maji na kamba ya nguo, akaingia kwa mlango wa jikoni. Akavua kitambulisho, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali pake. Akafunga aproni. Akafungulia bomba.

"Wewe wa jikoni!" sauti ikamfikia kutoka sebuleni. "Yule mgeni akija kesho, upike vizuri. Mtoto kalelewa yule. Sijui ni binti wa nani."

Akashika sahani ya kwanza chini ya maji.

"Nitapika, baba."