Unahodha wa Twiga

Luhende alipiga magoti kiungamioni akiwa na dhambi nne za kweli, zote za kazini, na uongo mmoja. Uongo aliuweka mwisho.

"Tena nina tamaa, Baba Padri," alisema kwenye kijidirisha cha wavu. "Kesho unahodha nampa Mzimu. Usingizi sipati, namuwaza yeye tu."

"Mzimu?" Padri Januarius aliuliza taratibu.

"Mzimu, Baba."

Kisha Padri akampa malipizi, Salamu Maria tatu, akamwondolea dhambi. Luhende akatoka kanisani akijizuia kucheka.

Kwaya ya parokia hiyo, hapo Bariadi mjini, ilikuwa na ligi yake ya fantasi. Kila mtu alichagua kwenye simu wachezaji wa ligi ya Uingereza. Wakifanya vizuri uwanjani yeye anapata pointi, na pointi za nahodha wake zinahesabiwa mara mbili. Majina ya kigeni yaliwachosha ulimi, wakawabatiza wachezaji majina ya kwao. Mfungaji mrefu kuliko wote akawa Twiga. Mzimu alikuwa beki ambaye hata ukimtafuta uwanjani humuoni.

Msimu huu zawadi ilikuwa mtamba mwekundu, aliyetolewa na Mayunga, mwenyekiti wa kwaya. Luhende, mwimba besi na karani wa mizani kwenye ghala la pamba, alikuwa ameshika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo. Safari hii alimwapia mkewe kwamba ng'ombe anakuja. Milembe naye hakungoja. Alijenga zizi uani na kuwaahidi majirani wawili maziwa.

"Mtamba asipoingia humu, baba Lucy," alimwambia huku akipigilia mti wa mwisho, "hiyo fantasi yako naizika."

Tatizo lilikuwa Padri. Kijana wa Nyalikungu, mcheshi, alijiunga na ligi mwaka huu na kupanga timu utadhani ameokota wachezaji barabarani. Twiga, ambaye kwaya nzima ilikuwa naye, yeye hakuwa naye. Mchezaji hata mmoja wa Luhende hakuwa naye. Alikuwa na kipa wa timu inayoshuka daraja na viungo wanaojulikana na mama zao tu. Haohao wakamwokoa, wiki hadi wiki, mpaka ikabaki raundi moja naye anaongoza kwa pointi tatu.

Luhende alikaa akafikiri, na alichokifikiria hakikumpendeza.

Yeye ni mtu wa kuungama kila Jumamosi, na habakizi kitu. Alipomtukana Twiga kwa kukosa penalti, aliungama. Alipomwombea Twiga afunge, tena katikati ya misa, aliungama. Timu yake nzima ilikwishapita kwenye kile kijidirisha, jina kwa jina.

"Anatumia maungamo yangu," alimwambia Milembe. "Anasikia ninao akina nani, halafu anachukua wengine ili anipite. Ndiyo mbinu yenyewe, ukiwa nyuma unatofautisha. Sasa yuko mbele, atageuza. Ataniiga nahodha ili nisimfikie. Basi mimi nitampa wa kuiga."

Milembe alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Yaya, haiwezekani! Padri? Baba Lucy, hata ukimwambia mle ndani kwamba mvua inakuja, akitoka hawezi kwenda kuanua kanzu yake kambani kwa ajili ya hilo. Wamefungwa hivyo."

"Hujamwona mtu anayetaka ng'ombe," Luhende akajibu.

Jumapili, saa kumi na nusu jioni, muda wa mabadiliko ukaisha na timu za watu wote zikawa wazi kuonekana. Luhende alikuwa uani, ameegemea zizi, Twiga wake amekwishampa unahodha. Akafungua timu ya Padri apate kumwona Mzimu.

Mzimu hakuwemo. Padri alikuwa amemsajili Twiga, kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, na kumpa unahodha.

Luhende akaisoma upya timu ile. Amejuaje? Siri ile aliijua Milembe peke yake, na Milembe hakuwa mtu wa kutoa siri. Jioni hiyo Twiga akafunga mabao mawili, na kila bao likawapa Luhende na Padri pointi sawasawa. Wachezaji wengine hawakuleta tofauti. Zile pointi tatu zikabaki tatu.

Jumatatu mtamba alipita mbele ya nyumba yao akiswagwa kwenda parokiani. Milembe alikamata kuku wake mmoja mmoja, akawaingiza zizini. Luhende aliumia kuliko kama angetukanwa.

Jumamosi alirudi kiungamioni, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Unibariki Padri kwa kuwa nimekosa. Wiki iliyopita nilikudanganya humu humu. Niliona unatumia maungamo yangu, nikakutegea Mzimu. Nahodha wangu alikuwa Twiga, kama siku zote. Niambie tu, Baba. Ulinishtukia vipi?"

Nyuma ya wavu akasikika mtu akijizuia kucheka.

"Sikukushtukia, mwanangu. Nilikuamini," Padri alisema. "Mchezaji ukimtaja humu, wiki hiyo mimi siruhusiwi kumgusa. Mwaka mzima nimemtamani Twiga, na Jumamosi iliyopita ndiyo mara ya kwanza umeungama bila kunitajia jina lake."