Maumivu ya Duane Pawlak

Hii hamtaiamini, na hata mimi nisingeiamini kama ningehadithiwa na mtu. Soma taratibu, usiruke mstari.

Mgonjwa wa moyo alikuwa anatafuna karanga.

Amekaa kitandani, chumba namba sita, idara ya dharura ya hospitali moja hapa Toledo, Ohio. Nyaya zimebandikwa kifuani, pakiti ya karanga mkononi. Duane Pawlak, miaka hamsini na tisa, fundi wa kiwanda cha vioo. Aliyekuwa anatetemeka ni mkewe, Renee.

Akaingia Rima, binti wa utafiti, na tableti yake. Hospitali ilikuwa inajaribu kanuni mpya. Mtu akija na maumivu ya kifua anapewa pointi kwa vitu vitano: maelezo yake, umeme wa moyo, umri, magonjwa aliyonayo, na damu, ambayo inapimwa mara mbili, masaa matatu katikati. Pointi nne kwenda juu, analazwa. Tatu kushuka chini, anarudi nyumbani, na siku ya thelathini Rima anampigia simu kuuliza kama yuko salama.

Rima akamuuliza Duane maumivu yalianza lini. Akajibu Renee. Alhamisi asubuhi, kwenye ngazi za kutoka chini kwenye mashine ya kufulia. Yanaumaje? Kama mtu amekukalia juu ya kifua. Akaweka mkono kifuani kwake kuonyesha, akaupandisha polepole mpaka kwenye taya, kisha akaupeleka mgongoni. Jasho la baridi. Kichefuchefu. Ukipumzika yanaondoka, ukiinuka yanarudi.

"Ni kweli, mzee?" Rima akamuuliza Duane.

Duane akacheka. "Binti, huyu ananisemea mwaka wa thelathini na mbili sasa. Anasema usiku nalia usingizini nimeshika kifua. Mimi nikilala ni gogo, nitajuaje?"

"Nyamaza, Duane. Mwache mtoto aandike."

Rima akaandika. Maelezo, pointi mbili, ndizo za juu kabisa. Umri, pointi moja. Magonjwa hana, sifuri.

Umeme wa moyo ukatoka safi. Damu ya kwanza safi. Duane akaanza kutafuta viatu.

"Twende, nina njaa. Kadi ya bima ya kiwanda inanilipia mimi peke yangu, wewe hata plasta hupati humu, na bado umenileta kama tumekuja kutalii."

Renee hakucheka. Alimshika mkono wa shati kwa mikono yote miwili.

"Masaa matatu tu, Duane. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Nakuomba hiki."

Aliomba kwa sauti ya uchungu mpaka nesi wa kitanda cha jirani akageuka. Duane akamtazama, akarudisha miguu kitandani.

Kwa masaa yote matatu Renee hakutulia. Anavua koti, analivaa, analivua tena. Rima alimkuta chooni ameegemea sinki, uso umelowa, akamwambia ajikaze, mume wake anaonekana yuko vizuri. Renee akamuuliza hiyo kanuni yao imekosea mara ngapi. Rima akamwambia watu mia nne na kumi wamesharudishwa nyumbani na haijakosea kwa hata mmoja.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Damu ya pili ikarudi. Safi. Jumla pointi tatu. Daktari akaja, akasema siyo moyo, wanaweza kwenda.

Renee akamzibia mlango. "Yale maumivu niliyoyaeleza. Yale yanayopanda mpaka kwenye taya. Una uhakika siyo moyo?"

"Kwa majibu haya, siyo moyo," daktari akasema, na keshashika faili la mtu mwingine. "Tumbo hilo, au misuli. Nunueni dawa ya kiungulia."

Jamani, yule mama alilia. Alimkumbatia daktari, akamkumbatia Rima, akamkumbatia Duane pamoja na karanga zake. Wakati wa kutoka alisimama kidogo ukutani kuvuta pumzi, akafuta jasho, akacheka. Akasema Duane apumzike, theluji ya mlangoni ataizoa yeye.

Siku ya thelathini ikafika. Jina la Duane ndilo lilikuwa la mwisho kwenye orodha ya Rima. Akiwa hai, kanuni imefaulu. Rima akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata. Akapiga mara ya tatu. Alishaanza kumwona Renee kichwani, ameshika ule mkono wa shati.

Ikapokelewa. Sauti ya Duane.

Rima nusura apige kelele za furaha. Akamuuliza kama yuko salama. Yupo. Kama amelazwa popote. Hapana. Kama kifua kimeuma tena.

"Kifua changu hakijawahi kuuma, binti. Nilikuja kumridhisha Renee tu. Kesho yake alianguka mlangoni, na koleo la theluji mkononi, hakuamka tena. Mfukoni mwake nilikuta dawa ya kiungulia, vidonge viwili vimeshatoka. Na karatasi ameandika: Alhamisi, ngazi, taya."

Kwenye tableti ya Rima vimebaki visanduku viwili. Mgonjwa yuko hai? Ndiyo. Kanuni imekosea?

Ungekuwa wewe, hapo ungejaza nini?