Taa ya Kijani

Mafundi wa saiti walikuwa wakiisubiri michoro ya daraja, lakini Siwema hakuituma. Kisanduku cha mezani kwake kilituma, kwa chembe za mwanga, ufunguo wa siri wa kuifunga michoro hiyo, na chembe hizo zina tabia moja: mtu akizichungulia njiani, zinavurugika na taa ya kisanduku inageuka nyekundu. Taa hiyo ilikuwa nyekundu asubuhi nzima, na sasa pia.

“Ni vumbi tu hilo,” alisema Bwana Kingazi, meneja wa mradi. “Zima hilo dude, utume kwa njia ya kawaida. Zege linazunguka kwenye malori.”

“Vumbi haliendi kula mchana, bosi. Mlipotoka wote saa saba, taa ilikuwa kijani. Mliporudi, nyekundu.”

Bwana Kingazi akamsogelea.

“Unajua unaongea na nani?”

“Najua. Mtu akiuiba ufunguo, akapunguza nondo kwenye michoro hii, watu watakufa. Acha zege lizunguke mpaka ligande. Situmi!”

Bwana Kingazi akakwapua begi lake, akatoka kwa kishindo.

Hata ngazi hajazimaliza, taa ikawa kijani. Siwema akainuka, akautia mlango komeo, akarudi mezani. Nyuma yake kitasa kikaanza kutikisika: Bwana Kingazi amerudi. Taa ikiwa bado kijani, akabonyeza kitufe cha kutuma.