Kibao cha Ijumaa

Bibi Mwatumu alikataa katakata kuvua kibao.

Kilikuwa kibao cha mninga, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Katika shule ile ya Korogwe, yeyote aliyekosea sentensi ya Kiingereza, au aliyeropoka lugha nyingine, alivalishwa shingoni mpaka amnase mwenzake. Kengele ya Ijumaa ikimkuta mtu nacho, mtihani wa darasa la nane asahau! Sheria ilibandikwa mlangoni: yeyote ndani ya ua huu. Aliitunga Mwalimu Mhina, bingwa wa sarufi, na Waingereza wakampigia makofi.

Ijumaa hiyo kibao alivishwa Chausiku, msichana pekee wa darasa la nane. Kosa lake? Bibi yake alitokea getini, vumbi la Handeni mpaka magotini, naye akamwambia shikamoo. Basi!

Bibi aliitikia marahaba, kisha akauliza kwa nini mjukuu wake kafungwa ubao kama mbuzi mwizi wa mahindi. Aliposomewa sheria ya mlangoni, alicheka.

"Nami si nimesema Kiswahili ndani ya ua wenu? Lete huku."

Akakivaa.

Mwalimu Mhina akatoka darasani na chaki mkononi. Alisema kwa Kiingereza, macho yake yakipita juu ya ushungi wa bibi. Mwalimu Laurenti wa hesabu, mgeni shuleni pale, aliyeruhusiwa kuwatafsiria wazazi, akatafsiri.

"Anasema sheria ni ya watu wa shule. Wewe si wa shule. Kengele ikilia, kibao kitahesabiwa cha mtoto."

"Mmenisomea wenyewe: yeyote. Mwulize, mimi si yeyote?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mwalimu Mhina akafoka.

"Anasema hapa tunasahihisha sentensi, hatupigi porojo."

"Mwambie kwetu maneno yakianza bila salamu, yote yana kosa. Nimesimama juani hapa, hajaniamkia."

Mwalimu Mhina akasema maneno mawili.

"Amekusalimu," alisema Laurenti. "Kwa Kiingereza."

"Hiyo akampe Mwingereza wake."

Chausiku alikuwa akilia. Mwaka mzima alikesha na kibatari kwa ajili ya mtihani huo.

"Bibi, nirudishie tu. Atanifuta."

"Nyamaza. Hakirudi kwako hiki, labda niwe nimekufa."

Mlinzi alikwisha kuokota nyundo, anaelekea kwenye kipande cha reli kilichokuwa kengele ya shule, kikining'inia mbele ya ofisi. Bibi Mwatumu akakaza kanga kiunoni.

"Haya, naondoka. Mwambie nikitoka getini hapa bila kuamkiwa, siku nikifa asikanyage kaburini kwangu."

Laurenti akauliza: "Na hayo nayo niyatafsiri?"

Mwalimu Mhina hakungoja tafsiri. Chaki ilimvunjikia mkononi. Alishuka ngazi za baraza, akafika mbele ya bibi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kitinda mimba wangu," aliitikia Bibi Mwatumu, akamvika kibao, na reli ikagongwa.