Mtani Mbele ya Paji Laini

Siku hizi ukifika miaka arobaini, serikali inakuchoma sindano za uso bure, ili mitaa iwe na watu watulivu. Dalili zake nazijua kwa mbali: paji linang'aa kama sahani iliyosuguliwa, nyusi zimepanda zikagoma kushuka, tabasamu linaishia midomoni na macho hayana habari. Hata mimi niko hivyohivyo. Mke wangu ananiita Sahani.

Jumanne tulimzika Kikoti. Yeye Mhehe, mimi Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu, na kazi ya mtani msibani ni kuwachekesha wafiwa. Nikavaa koti lake, nikaingia kwa mjane wake, Mama Lusungu, nikiburuta mguu kama marehemu.

"Mke wangu, chai iko wapi? Huko nilikokwenda hawana hata sukari!"

Akina mama wakapiga makofi. Mjane akanitazama tu, uso wake wa sindano umetulia.

Zamani, kabla ya sindano, ningeona usoni pake. Akikunja ndita, naacha, akicheka, naongeza. Nikajaribu kuongeza kidogo, nikakoroma kama Kikoti alivyokuwa akikoroma kanisani. Mabega yake yakaanza kutetemeka, machozi yakamtoka.

Nikachuchumaa mbele yake. "Shemeji, nimezidisha? Niambie niache."

Akajipapasa mashavu, kisha paji, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Sijui, mtani," akasema. "Hebu niangalie vizuri. Hapa nacheka au nalia?"

Nikamwangalia sana. Watu wote wakasogea karibu, wakisubiri nijibu.