Mkono wa Koti Jeupe

Lori ya kwenda Mitwaba ilikuwa inapiga honi barabarani, na bwana mzee wa Hispania, ameketi kitini, katika hadithi yake alikuwa bado yuko vitani Kuba, juu ya meli yake.

Kapya, mtumishi wake, alimshikia karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Bila sahihi ya bwana wake, askari wangemshusha njiani, na kule Mitwaba mama yake alikuwa mahututi.

"Bwana, weka tu jina hapa."

"Ngoja. Wakuba walitaka nchi yao, wakatupiga risasi. Moja ikapita hapa, kwa hii koti. Nikashika bendera na damu inatoka. Na ukapteni wakubwa wangu wakaninyima!"

Hadithi ile ile ya kila asubuhi. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto wa koti jeupe. Kapya aliutazama: vifungo alivishona yeye, kola aliigeuza yeye.

Honi ikalia tena.

"Bwana, hii koti niko nafula na sabuni miaka sita," alisema polepole. "Ule mukono hauna tundu, hauna kiraka."

Mzee akaushusha mkono. Akachukua kalamu, akaandika jina lake peke yake, bila neno "Luteni" alilozoea kulitanguliza.